Bomba kubwa si dawa ya chemba kufurika

Kila masika naambiwa neno lile lile, na sheha, na wenye maduka, hata na mafundi: "Mhandisi, bomba dogo hilo. Wekeni kubwa, tupumue." Nimechoka kulisikia.

Ni kweli, bomba likiongezwa kipenyo mara mbili, kwa mteremko ule ule, hupitisha maji zaidi ya mara sita. Lakini hesabu hiyo ni ya bomba ambalo mdomo wake uko wazi. Mabomba ya Mji Mkongwe, Zanzibar, yanamwaga baharini, na siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari yetu hupanda na kushuka kama mita 4, ikijaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni. Mvua ikipiga saa hiyo, mdomo umeshazama. Kinachosukuma maji ni tofauti ya kimo baina ya chemba na bahari tu. Kama mfuniko umeizidi bahari sentimita 30, basi hizo 30 ndizo nguvu zako zote. Zikiisha, uchafu uko barabarani. Tena bomba kubwa lisilo na kilango cha kuzuia maji kurudi linaikaribisha bahari ndani.

Hayo ndiyo tunayoyaona kwenye modeli ya haidroliki, yaani mfano wa kompyuta unaoiga maji yanavyopita mabombani. Programu ya SWMM, iliyoanza Marekani mwaka 1971, inapatikana bure. Unaipa mvua, unaipandisha bahari saa kwa saa, unatazama chemba ipi inatapika kwanza. Panua bomba la juu peke yake: wa juu wanapona, jirani wa bondeni anafurikiwa mapema zaidi. Weka kilango na tangi la kushikilia maji mpaka bahari ipwe, picha inabadilika.

Nikiyasema haya, hubishiwa. Mmoja aliyeunga mfereji wa paa kwenye chemba husema: "Maji ya paa langu ni kidogo." Paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 50 kwa saa: lita 5,000. Nyumba inayotumia lita 500 kwa siku huchukua siku 10 kuzifikisha. Toa mfereji wa paa kwenye chemba, uelekeze kwenye pipa au mtaroni. Ningepewa rungu, ningeanza na hili kabla ya kununua bomba lolote.

Mwingine: "Kinachofurisha chemba ni taka tu." Taka zinaziba, zizolewe. Bomba safi nalo hufurika siku ya bamvua.

Wa tatu: "Kompyuta haiujui mtaa wetu." Haiujui, mpaka ipewe kina cha kila chemba na kimo cha kila mfuniko. Ukiilisha vya kukisia, itakupa uongo wenye rangi nzuri. Kwa hiyo nikibisha hodi, nifungulieni chemba ya uani, hata kama mmeshaifunika kwa vigae.