Gari la misuli si kila gari linalonguruma

Harusi ilikuwa Mbezi Beach. Msafara ulipoingia getini, mshereheshaji akapaza sauti kwamba bwana harusi anaingia na "muscle car halisi kutoka Marekani". Lilikuwa Mustang jeupe la miaka ya karibuni, limefungwa utepe, limeoshwa mpaka linatoa kivuli cha minazi ubavuni. Likanguruma kidogo, vigelegele vikapigwa. Baadaye, watu walipokuwa kwenye foleni ya chakula, nikalisogelea. Lilikuwa la silinda nne, lita 2.3, lina turbo. Gari zuri sana, sina neno nalo. Ila si gari la misuli. Kesho yake shemeji yangu akaniambia kwamba hata shangingi la bosi wake ni gari la misuli, maana nalo ni V8. Hapo nikaona heri niandike.

Maana yenyewe haina maneno mengi. Gari la misuli ni gari la Kimarekani la ukubwa wa kati, la kawaida kabisa, mara nyingi la milango miwili, ambalo kiwandani lilitiwa injini ya V8, yaani ya silinda nane, iliyokusudiwa gari kubwa kuliko hilo, kisha likauzwa kwa bei ambayo kijana mwenye ajira ya kawaida angeimudu. Enzi yake hasa ni kuanzia 1964 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Imetosha. Kazi iko kwenye jina.

Mtu akisikia "misuli" anawaza kifua na mabega. Basi anatazama bodi: boneti limetuna, matairi mapana, mistari miwili imepita juu mpaka nyuma, anasema hilo ndilo. Lakini misuli ya jina hili haionekani kwa nje. Kiswahili cha shuleni kinatusaidia hapa kuliko picha za wanyanyua vyuma. Mwanafunzi wa Tanzania akisema usiku kucha amepiga msuli, hakuna anayemtazama mikono. Amekaa na daftari lake, umbo lile lile la jana, ila ndani kuna nguvu imetumika ambayo itaonekana siku ya mtihani. Gari la misuli la mwanzo lilikuwa hivyo. Ukiliona limeegeshwa nje ya duka la vyakula ungedhani ni gari la mwalimu.

Na wakati yanatengenezwa, jina hili halikuwa limeshika kama lilivyoshika sasa. Magazeti ya magari ya Marekani katika miaka ya 1960 yalipenda kuyaita "supercar", neno ambalo leo wamelichukua Waitaliano na Lamborghini zao. Alama za jina hilo la zamani bado zipo: mwaka 1969 kampuni ya AMC ilitoa gari dogo lenye injini kubwa likiitwa SC/Rambler, na zile herufi SC zilikuwa kifupi cha SuperCar. Misuli ilikuja kutawala baadaye, magari yenyewe yakiwa tayari yanageuka kumbukumbu. Kwa hiyo ni jina lililotolewa na watu wanaotazama nyuma, wakijiuliza ni kitu gani hasa kilichoyafanya yale magari yawe tofauti. Ndiyo maana naona vibaya likitumika kwa chochote chenye kelele: lilichaguliwa ili kutaja jambo moja mahususi.

Jambo lenyewe lilitokea kampuni ya Pontiac, iliyokuwa chini ya General Motors. Januari 1963 wakuu wa General Motors waliamuru kampuni zao zote zijitoe kwenye mashindano ya mbio. Kwa Pontiac hilo lilikuwa pigo, maana sifa yao yote kwa vijana ilitoka huko. Juu ya hapo kulikuwa na kanuni nyingine: gari la ukubwa wa kati lisipewe injini inayozidi inchi za ujazo 330, yaani kama lita 5.4. Gari lao la ukubwa huo liliitwa Tempest, na la bei ya chini lilikuwa na silinda sita na nguvu za farasi 140. Mhandisi mkuu John DeLorean na wenzake Bill Collins na Russ Gee walikuwa wanajua kitu ambacho fundi yeyote angekipenda. Injini ya inchi 389 ya magari makubwa ya Pontiac, lita 6.4, ilikuwa na umbo la nje lile lile la V8 ndogo ya Tempest, na mahali pa kuifungia palikuwa pale pale. Inaingia bila kukata chuma. Tatizo lilikuwa kanuni tu.

Kanuni ilihusu magari mapya. Haikuhusu vifaa vya hiari, vile ambavyo mteja anatia alama kwenye fomu ya oda: redio, viti vya ngozi, rangi ya pili. Basi wakaiandika injini ile kama kifaa cha hiari cha Tempest ya 1964, kwa nyongeza isiyofika dola 300. Idara ya mauzo ikakubali kwa shingo upande, magari 5,000 na si zaidi. Mwaka ulipoisha yalikuwa yameuzwa 32,450. Kwa kabureta moja injini iliandikwa nguvu za farasi 325, kwa kabureta tatu 348, ndani ya gari la tani moja na nusu hivi, lenye breki za drum kwenye magurudumu yote manne.

Hiyo ndiyo asili ya jambo zima, na kila nikiifikiria nafurahi upya. Gari la misuli halikuanza kama mchoro wa msanii. Lilianza kama alama ya vema kwenye karatasi.

Hata jina walilolipa lilikuwa la kuchukua. GTO ni herufi za Ferrari 250 GTO, na kirefu chake kwa Kiitaliano ni Gran Turismo Omologato: gari la safari ndefu lililothibitishwa rasmi kwa mashindano. Ferrari ilikuwa imethibitishwa. Pontiac haikuwa imethibitishwa popote, tena ilikuwa imekatazwa mashindano na mabosi wake wenyewe. Wapenzi wa magari ya Ulaya walikasirika sana, na hasira yao naielewa. Lakini vijana wa Detroit, mji wa viwanda vya magari, hawakujali herufi inamaanisha nini. Walijali taa ikiwaka kijani.

Ninaishi Michigan, Marekani, mwaka wa kumi na moja sasa, na jirani yangu, mzee aliyestaafu kiwandani, ana GTO ya 1966. Mwaka huo ndio GTO ilipofanywa kuwa gari linalojitegemea badala ya kifaa cha hiari, na ndio mwaka wa mwisho wa zile kabureta tatu. Jumamosi asubuhi anafungua boneti kabla hata hajanywa kahawa yake. Kabureta ziko tatu kwa mstari juu ya injini, kila moja ina midomo miwili. Alinionyesha kwa kidole: ukiendesha taratibu inafanya kazi ya katikati peke yake, inakunywa kistaarabu. Ukikanyaga mpaka chini, zile mbili za pembeni zinafunguka. Aliponikalisha kiti cha abiria na kukanyaga, sauti ilibadilika ghafla kama mtu aliyevuta pumzi kwa pua halafu akafungua kinywa. Harufu ya petroli mbichi ilibaki kwenye shati langu mpaka jioni.

Anapokumbuka ujana wake hazungumzii umbo la gari hata kidogo. Anazungumzia barabara ya Woodward usiku, gari mbili zimesimama kwenye taa, madereva wanatazamana bila neno, halafu nusu dakika ya wazimu hadi taa inayofuata. Anataja mshahara wake wa wiki, anataja makato ya mkopo wa gari, anataja siku alipoliuza kwa sababu mtoto wa kwanza alikuwa njiani. Hili alilo nalo sasa alilinunua baada ya kustaafu, na si lile. Hilo analisema kila mara, kwa sauti ya chini.

Sasa nije kwenye lile linalochanganywa kuliko yote. Mustang ilizinduliwa tarehe 17 Aprili 1964 kwenye Maonesho ya Dunia ya New York, mwaka ule ule wa GTO, na ndiyo maana watu huziweka kapu moja. Lakini Mustang ilijengwa juu ya Ford Falcon, gari dogo la kubana matumizi, na ya bei ya chini kabisa ilikuwa na silinda sita, lita 2.8, nguvu za farasi 101. Kilichoiuza ni sura: pua ndefu, mkia mfupi, bei ya dola 2,368. Makatibu muhtasi waliinunua, walimu waliinunua, akina mama waliinunua. Wamarekani wana jina la aina hiyo, "pony car", yaani gari la farasi mdogo, kwa sababu mustang ni farasi wa mwituni na nembo yake ni farasi anayekimbia. (Farasi huyu hana uhusiano na nguvu za farasi tunazopimia injini. Nimeulizwa, ndiyo maana nasema.) Plymouth Barracuda ilitangulia kuingia sokoni kwa wiki mbili hivi, lakini aina nzima ikachukua jina la farasi. Camaro na Firebird zilizokuja baadaye ni za ukoo huo huo.

Kwa hiyo ni kuzaliwa kwa njia mbili zinazopingana. Farasi mdogo alianza na sura, nguvu akapewa baadaye, tena kwa anayelipia. Gari la misuli lilianza na nguvu, zikatiwa kwenye gari lisilo na sura yoyote ya kujivunia.

Najua watanijibu: je, Mustang ya 1968 yenye injini ya Cobra Jet ya inchi 428? Je, Camaro SS 396? Je, Barracuda ya 1970 yenye injini kubwa ya Hemi? Kila Agosti, kwenye msafara wa Woodward Dream Cruise, jirani yangu na rafiki yake mwenye Camaro ya 1969 wanakaa kwenye viti vya kukunja kando ya barabara na kubishana hili hili. Mwenye Camaro anasema injini kubwa ni injini kubwa. Mwenye GTO anasema ukoo ni ukoo. Mimi nasema hao ni wakwe. Wamekuja kwa ndoa, wamezaa na ukoo, wanakaribishwa mezani kwa heshima zote. Ila huwezi kumchukua mkwe mmoja mwenye lita 7 ukasema basi na ndugu zake wote wa silinda nne ni wa damu yetu.

Ukitaka kuliona wazo likiwa safi, tazama Plymouth Road Runner ya 1968. Walichukua gari la kawaida la familia wakaondoa kila kisichosaidia mwendo. Hakuna zulia, kiti cha mbele ni benchi kama la teksi. Injini ya msingi ni lita 6.3, farasi 335, na bei inaanzia dola 2,896. Anasa pekee ilikuwa honi inayolia bip-bip kama yule ndege wa katuni, na kwa kulitumia jina lake waliilipa Warner Bros. dola 50,000.

Kwa kipimo hicho Corvette haimo: ni gari la michezo, la viti viwili, tangu 1953, na haikuwahi kujifanya gari la familia. Na shangingi la bosi wa shemeji pia halimo. V8 ni mpangilio tu, silinda nane, nne kila upande, zimekaa kama herufi V. Land Cruiser ilibuniwa kuwa gari zito, ikapewa injini inayolingana na uzito wake. Hakuna aliyevunja kanuni hapo. Ajabu ni kwamba Dodge Charger ya milango minne ya miaka ya karibuni, ile yenye injini ya Hellcat ya farasi 707, ambayo wapenzi wengi wa zamani waliidharau kwa sababu ya milango yake, naiona karibu zaidi na wazo la 1964 kuliko magari mengi yaliyochorwa mistari.

Tahadhari moja juu ya namba, maana hizo nazo zinapotosha. Mpaka 1971 viwanda vya Marekani vilipima nguvu injini ikiwa mezani, bila kichujio cha hewa wala bomba kamili la moshi. Kuanzia 1972 vikapima injini ikiwa imevaa vyote. Chevelle ya inchi 454 iliandikwa farasi 365 mwaka 1971, ikaandikwa 270 mwaka 1972, na injini ni karibu ile ile. Anayesoma jedwali bila kujua hilo atadhani gari liliugua usiku mmoja. Ugonjwa wa kweli ulitoka kwingine: bima ya vijana iliyopanda mpaka kuwashinda, sheria ya hewa safi ya 1970 iliyolazimisha mgandamizo wa injini upunguzwe, kisha mafuta yakapanda mwishoni mwa 1973.

Shemeji, la bosi wako liite V8 kama tulivyozoea, kila mtu ataelewa na litaheshimika vile vile. Na lile jeupe la Mbezi, mshereheshaji angetangaza tu kwamba bwana harusi anaingia na Mustang. Vigelegele vingekuwa ni vile vile.