Banda la mbao la kufungua na kuhama nalo: yanayosemwa na ukweli wake

Huku Nyanda za Juu Kusini mashamba ya kukodi yamekuwa mengi sana, mtu yuko Mbeya mjini ana viazi vyake Umalila, mwingine anakodi heka za nyanya Ilula, mwingine kashuka Usangu kwenye mpunga, na wote wanataka kitu kimoja, sehemu ya kulala mlinzi na kuweka pampu na mbolea, halafu msimu ukiisha wahame na mali yao. Mimi ni fundi seremala hapa Mafinga na hii kazi naipenda kweli, ndo maana inaniuma nikiona mtu katoa hela yake akajengewa banda ambalo likishafunguliwa mara moja halifungiki tena. Mara nyingi chanzo ni maneno ya mtaani ambayo kila mtu anayarudia, hebu tuyaangalie.

"Banda la kufungua ni dhaifu, upepo ukija linaondoka." Upepo wa Makambako unajulikana, sibishi. Ila nyumba ya matofali inashikwa chini na uzito wake, banda la mbao halina uzito huo, kwa hiyo hatari yake kubwa ni kunyanyuliwa, upepo unaingia chini ya bati na kupitia mlangoni unalisukuma paa juu. Dawa yake ni tatu tu: kila paneli (kipande cha ukuta chenye fremu yake) ya kona iwe na mbao ya mshazari ndani yake, paa lifungwe na kuta kwa boliti (kuliegesha tu na misumari haitoshi), na banda zima lifungwe ardhini. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita moja, ukiigongelea chini kwa kuilaza kidogo kuelekea nje ya banda halafu ukaifunga na fremu ya sakafu, pembe zote nne, inashika vizuri kwenye udongo mgumu, udongo ukiwa laini tengeneza sanduku chini ya sakafu ulijaze mawe. Ukifanya hivyo banda litasimama vizuri tu.

"Misumari inatosha, siku ya kuhama tutang'oa." Hapa ndo mabanda mengi yanapofia. Msumari ukiung'oa na nyundo unapasua mbao, hasa mpaina uliokauka, na ukirudishia kwenye tundu lile lile haushiki. Skrubu afadhali, lakini nayo ukiifunga na kuifungua mara kadhaa inakula nyuzi za mbao, na ukiifunga kwenye kichwa cha mbao, pale ncha ilipokatwa, ndo kabisa haina nguvu. Misumari itumie ndani ya paneli, kwenye vitu ambavyo hutavifungua kamwe. Paneli kwa paneli ni boliti ya milimita 10, washa pana (kile kisahani cha chuma chenye tundu) pande zote mbili ili nati isizame kwenye mbao, tundu toboa la milimita 11 kwa sababu mbao inavimba masika na tundu likibana sana utaishia kuigonga boliti hadi uzi wake uharibike. Boliti zote ziwe saizi moja, spana namba 17 mbili zinamaliza kazi yote, usichanganye saizi maana porini hakuna duka la spana.

Halafu mbao zenyewe. Watu wanasema mbao ni mbao, chukua hata iliyotoka kupasuliwa leo. Tuko jirani na Sao Hill, shamba la miti la serikali kubwa kuliko yote nchini, kwa hiyo mbao za paina hapa hazitupigi chenga, lakini zinazouzwa barabarani nyingi ni mbichi. Mbao mbichi ya inchi 10 ikikauka inaweza kupungua upana karibu sentimita moja, sasa fikiria kuta nne zimetobolewa matundu zikiwa mbichi, baada ya kiangazi unataka kuzirudisha, tundu hili na lile haliangaliani. Mlingoti (mkaratusi) ndo usiseme, unajipinda. Panga mbao kivulini, weka vipande vyembamba katikati hewa ipite, juu weka uzito, subiri wiki kadhaa ndo uanze kupima na kukata.

Oili chafu ya gari nayo inasifiwa kama dawa ya mchwa. Inazuia maji kidogo, ila haiingii ndani ya mbao, inanuka, inapaka kila anayeigusa na inasaidia moto kuwaka haraka. Mbao inayogusana na ardhi inunue iliyotiwa dawa kiwandani kwa presha. Na tafadhali, vipande vilivyobaki vya mbao na nguzo hizo za dawa, vile vya rangi ya kijani, msivipikie chakula wala kuotea moto, dawa inayotumika sana kwenye hizo ina arseniki ndani yake, moshi wake na majivu yake ni sumu.

"Paneli ziwe kubwa, kazi inapungua." Paneli ya futi 8 kwa 4 yenye fremu ya inchi mbili kwa tatu na mbao za inchi moja ina kama kilo 50 ikiwa kavu, ikiwa mbichi inaweza kufika mara mbili yake. Watu wawili wanaimudu hiyo kavu. Ukiifanya futi 12 unahitaji kijiji kizima, na kirikuu (kale kagari kadogo ka mizigo) bodi yake haifiki hata futi 8, mzigo utatoka nje nyuma. Ukuta wa bati kwenye fremu hiyo hiyo unapunguza uzito karibu nusu, ila baridi utaijua.

Msingi wa zege hauhitajiki. Mawe bapa au vitofali juu ya udongo ulioshindiliwa, sakafu inyanyuke sentimita 30 hivi ili uone mchwa wakianza kupanda na hewa ipite. Usangu kwenye udongo mweusi unaovimba na kupasuka weka vitako vipana na upime levo upya mvua zikianza. Kabla hujasimamisha ukuta pima sakafu kona kwa kona, banda la futi 8 kwa 12 mishazari yote miwili inatakiwa isome futi 14 na inchi 5, zikitofautiana mlango hautafunga.

Zege lina shida nyingine, ya kisheria. Wapo wanaoamini banda la kuhama halina mtu wa kulidai hata ulijenge vipi. Sheria ya Ardhi ya 1999 kwenye maana ya ardhi inaingiza majengo yaliyoshikamanishwa nayo kwa kudumu, kwa hiyo ukishamwaga zege na kujengea unampa mwenye shamba hoja ya kusema hiki ni changu. Andika kwenye mkataba kwamba banda ni mali ya aliyekodi na ataondoka nalo, serikali ya kijiji ijue.

Na kuna vijana wanaona video za Marekani, mtu kakodi shamba la mwenzake kwa ajili ya kuwinda na kajumba kake humo, wanadhani na huku ukikodi heka karibu na pori umekodi na wanyama. Hapana. Kule mwenye ardhi anaweza kukodisha ruhusa ya kuwindia kwenye ardhi yake. Kwetu wanyamapori ni mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini wa wananchi, uwindaji ni kwa leseni, na kwenye pori la akiba kama Rungwa hujengi hata kibanda cha siku mbili bila kibali.

Sasa hili la mwisho naomba mlisome taratibu. "Mkaa ukishashika vizuri hauna moshi, ingiza jiko ndani ulale joto." Juni na Julai baridi ya Kitulo na Njombe inafika kwenye jalidi (umande kuganda) na mlinzi anashawishika kweli. Kinachoua ni hewa ya kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, na mkaa mwekundu usio na moshi unaitoa. Kwenye chumba cha futi 8 kwa 12 kilichozibwa vizuri mtu anaanza na kichwa kuuma na usingizi, haamki. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutegemea. Jiko likae nje, usiku na mchana, na wewe uliyekodi shamba ndo unatakiwa umjengee mlinzi wako joto: ukuta wa mbao, turubai livutwe chini ya bati liache nafasi ya hewa (linasaidia pia matone ya asubuhi yasimdondokee), sakafu isiyo na nyufa, godoro linyanyuliwe, blanketi mbili nzito.