Mimea ya vilele vya milima na epijenetiki: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mwanafunzi wa uzamivu anayechunguza mimea ya vilele vya Alps, milima mirefu ya Ulaya, huulizwa swali lilelile kila anapoieleza kazi yake: "Kwa hiyo mmea ukipanda juu unaizoea baridi, halafu unawarithisha watoto wake mazoea hayo?" Swali ni zuri. Shida ni kwamba wengi wanaouliza wameshajijibu.

Dhana: Epijenetiki ni mazingira kubadilisha vinasaba.

Herufi za DNA, yaani maandishi ya vinasaba, hazibadiliki. Kinachobadilika, na ndicho epijenetiki inachochunguza, ni alama zilizo juu yake: vikundi vidogo vya methili vinavyojishikiza kwenye sitosini, mojawapo ya herufi nne za DNA, au mabadiliko ya kikemia kwenye histoni, zile protini ambazo DNA imezungushiwa. Alama hizo huchangia kuamua jeni ipi isomwe na ipi inyamazishwe. Maabara huzitafuta kwa bisulfiti, kemikali inayogeuza sitosini tupu kuwa urasili na kuiacha ile yenye methili kama ilivyo.

Dhana: Mmea wa bondeni ukipandwa juu, hatimaye hugeuka kuwa wa mlimani.

Dai hili ni la zamani. Mtaalamu wa mimea Mfaransa, Gaston Bonnier, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, aligawa mimea vipande akapanda vingine tambarare na vingine kwenye Alps na Pyrenees. Vya juu vikawa vifupi. Hapo hakuna ubishi. Lakini akaenda mbali zaidi, akadai spishi za bondeni zimegeuka kabisa kuwa spishi nyingine za milimani. Waliomfuata hawakufanikiwa kuyapata matokeo hayo, na wengi walishuku kwamba mimea ya palepale mlimani ilijipenyeza kwenye vitalu vyake. Yaani magugu yalihesabiwa kama mavuno.

Jens Clausen, David Keck na William Hiesey walifanya kazi ya aina hiyo huko California kwa uangalifu zaidi, wakaanza kuchapisha matokeo makubwa mwaka 1940. Walikuwa na bustani tatu: Stanford karibu na usawa wa bahari, Mather kwenye mita 1,400 hivi, na Timberline kwenye mita 3,000 na ushei. Mimea ya Achillea, ya ukoo wa alizeti, iliyotoka juu ilibaki mifupi hata ilipoteremshwa Stanford. Ya pwani ilipopandishwa Timberline ilidhoofika, na mingi ikafa. Mwinuko ulibadilisha kimo na majira ya maua kwa kiasi fulani, ila asili ya mmea haikugeuka.

Dhana: Kumbukumbu ya baridi hurithiwa.

Hapa kuna mfano ninaoupenda kuliko yote. Arabis alpina ni mmea mdogo wa ukoo wa kabichi, wenye maua meupe, unaoota Alps na hata juu kwenye Kilimanjaro na Mlima Kenya. Aina zake nyingi za Ulaya zina jeni iitwayo PEP1 inayozuia maua. Baridi ya wiki nyingi huinyamazisha, na machipukizi yaliyokomaa yakaanza kutengeneza maua. Joto likirudi, PEP1 huamka tena. Matawi ambayo hayakuwahi kuanza maua huendelea kutoa majani tu, yakisubiri kipupwe kingine, na ndiyo maana mmea huu huishi miaka mingi.

Ndugu yake Arabidopsis thaliana, anayeishi msimu mmoja, ana jeni ya aina hiyohiyo, FLC. Kwake jeni ikishanyamazishwa na baridi hukaa kimya hadi mmea utoe mbegu, kisha ndani ya mbegu alama hizo hufutwa. Lazima zifutwe: mtoto akirithi kumbukumbu ya kipupwe cha mama yake, ataota vuli na kutoa maua kabla hajapitia kipupwe chake mwenyewe.

Urithi wa alama upo, lakini si kwa kila alama. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, alieleza mwaka 1744 ua la ajabu la mmea wa Linaria, lenye umbo la nyota mahali pa midomo miwili ya kawaida. Mwaka 1999 ikaonekana kwamba jeni yake Lcyc imejaa methili na imenyamaza, na hali hiyo hurithiwa. Hata hivyo, mara mojamoja tawi la mmea huo hurudia umbo la kawaida.

Dhana: Alama za juu zikitofautiana na za chini, huo ni ushahidi kwamba mmea umejirekebisha.

Hapa ndipo tasnifu nyingi hukwama, na kwa maoni yangu ndipo msimamizi anapaswa kuwa mkali. Tofauti ya methili inaweza kuwa kivuli tu cha tofauti ya DNA. Arabidopsis za Uswidi zilionyesha hivyo mwaka 2015: sehemu kubwa ya tofauti za methili kati ya kusini na kaskazini ilifuata tofauti za vinasaba. Kwa hiyo mbegu za juu na za chini lazima zikuzwe pamoja, kwenye bustani moja, kwa vizazi kadhaa. Mmea ukichukua miaka mitatu kutoa maua, na ufadhili nao ni wa miaka mitatu, hesabu haifungi.

Wengine hukwepa kikwazo cha tofauti za DNA kwa kuchunguza mmea wa Alps uitwao Ranunculus kuepferi. Aina yake yenye seti nne za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba DNA, hutoa mbegu bila urutubisho, kwa hiyo watoto wanakaribia kuwa nakala za mama, na tofauti za alama hazifichwi sana na tofauti za DNA. Aina hiyo ndiyo iliyosambaa kwenye Alps baada ya Enzi ya Barafu. Yenye seti mbili ilibaki kusini-magharibi.

Dhana: Mimea ya juu hukosa oksijeni.

Majani huitengeneza yenyewe mchana. Usumbufu wao ni baridi, jua kali na msimu mfupi.

Dhana: Epijenetiki itaiokoa mimea hii na ongezeko la joto.

Kilichoonekana waziwazi hadi sasa ni kuhama: utafiti wa vilele 302 vya Ulaya, uliochapishwa 2018, ulikuta spishi zinazidi kupanda juu, na kwa kasi inayoongezeka. Kwa mimea inayoishi muda mrefu sana, alama ndani ya maisha ya mmea mmoja huenda zina uzito kuliko urithi. Carex curvula, mmea unaofanana na nyasi, hujieneza kwa mashina ya chini ya ardhi, na kundi moja la machipukizi yaliyotokana na mmea mmoja huko Alps lilikadiriwa mwaka 1996 kuwa na umri wa miaka 2,000 hivi.