Dhana zinazowaangusha wazee ndani ya nyumba zao

"Ameishi humu miaka 40, hata gizani anapita." Kauli hii nimeisikia sana kutoka kwa watoto wanaowapenda wazazi wao kwa dhati, na ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Nyumba ni ileile, lakini mwenye nyumba siye yule. Jicho la mtu wa miaka 60 hupitisha takriban theluthi tu ya mwanga unaofika ndani ya jicho la kijana wa miaka 20. Nyayo hupungua hisia, na baadhi ya dawa za presha au za usingizi huleta kizunguzungu anaponyanyuka kitandani. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na wanaoumia zaidi ni waliovuka miaka 60. Kwa hiyo weka taa ndogo za usiku kutoka kitandani hadi chooni, na swichi anayoifikia kabla hajashusha miguu.

"Kuandaa nyumba ni kubomoa na kujenga upya."
Sehemu kubwa ya kazi ni kuondoa vitu: nyaya zinazokatiza njia, meza ndogo za katikati, zulia lililojikunja pembe. Mlango ukiwa mwembamba, zipo bawaba zinazousogeza ubao wote nje ya njia na kuongeza sentimita 4 au 5 bila kugusa ukuta. Mapitio ya tafiti 22 yaliyotolewa na Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za afya, mwaka 2023 yalionyesha kwamba kupunguza hatari za nyumbani kulishusha idadi ya maanguko kwa asilimia 26, na kwa asilimia 38 kwa wale walio hatarini zaidi, kama waliokwisha kuanguka mwaka uliotangulia. Kwa wasio hatarini, faida haikuonekana wazi. Ukiwa na wazee wawili na muda mchache, anza na yule aliyewahi kuanguka.

"Bafuni kuna pa kushika tayari."
Hapa naomba usome polepole. Mtazame mzee anavyoinuka chooni. Anasogea mbele, anarudisha nyayo nyuma, anainama mpaka kichwa kinapita magoti, kisha mkono unaanza kutafuta. Unaangukia popote: ukingo wa sinki, kitasa cha mlango, fimbo ya taulo. Fimbo ya taulo imetengenezwa kubeba taulo. Siku atakapoitegemea kwa uzito wake wote, skrubu zitachomoka na plasta yake, naye ataanguka kinyumenyume kwenye vigae.

Kishikio cha kweli hustahimili zaidi ya kilo 110 na hufungwa kwenye tofali au mbao imara ndani ya ukuta, si kwenye ubao mwepesi. Vile vya kunata kwa mpira huachia ghafla, sivipendekezi kwa mtu anayevitegemea. Vipimo vya kawaida vya majengo ni sentimita 84 hadi 91 kutoka sakafuni, lakini mimi ningemwambia fundi asubiri kwanza. Mzee akae na kuinuka mara tatu, uweke alama ya chaki mahali mkono wake unapokwenda wenyewe. Kiti cha choo chenye kimo cha sentimita 43 hadi 48 humpunguzia kazi magoti.

"Mteremko wowote ni bora kuliko ngazi."
Mteremko mkali ni hatari. Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12, maana yake kizingiti cha sentimita 15 kinahitaji mteremko wa mita 1.8. Tena anayetembea kwa mkongojo na mwenye vifundo vya miguu vilivyokaza huenda akaona afadhali vipandio vifupi vyenye reli pande zote mbili.

"Tusubiri hali ikiwa mbaya."
Wengi waliovunjika nyonga hawarudi kwenye uwezo waliokuwa nao.

"Akae tu, tutamletea kila kitu."
Hii huzaliwa na huruma, na ndiyo inayomaliza nguvu za mzee haraka. Misuli isiyotumika hunyauka, na aliyedhoofika huanguka kwa urahisi zaidi. Shusha vyombo vyake viwe kati ya kiuno na bega, ili ajihudumie bila kupanda kigoda.

Na usipange bila yeye. Nimeona zulia likiondolewa asubuhi mzee akiwa hayupo, na wiki iliyofuata limerudi palepale, kwa sababu ndilo analolipenda. Akikataa lisiondoke, libandike sakafuni kwa utepe wa gundi wa pande mbili, pembe zote nne na katikati, halafu kila mwezi upapase kingo zake kwa mkono.