Mita ya ujazo haina lita mia

Wateja wananiambia, karibu kila wiki, kwamba mita moja ya ujazo ni lita 100. Anayesema ni mwenye nyumba, ameshachimba shimo la maji, anataka tu ushauri wa pampu. Hesabu yake ameitoa hapa: mita ina sentimita 100, basi na ujazo nao utakuwa mia.

Si kweli, na kosa lenyewe si dogo. Mita moja ya ujazo, ile uniti moja ya kwenye bili, ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Chukua shimo la urefu wa mita 3, upana 2, kina 2. Hizo ni mita 12 za ujazo. Anayeshikilia mia ataandika lita 1,200, ataogopa kuagiza boza la lita 10,000 lisije likafurika, kumbe shimo linalipokea lote na kubakiza nafasi ya lita 2,000. Hapo amepoteza nafasi tu. Kwenye klorini anahatarisha watu: dawa iliyopimwa kwa lita 1,200 ikiwekwa kwenye lita 12,000 inakuwa sehemu moja ya kumi ya inayotakiwa, na watoto wanakunywa maji ambayo nyumba nzima inaamini yametibiwa.

Ujazo una pande tatu, kwa hiyo mia inazidishwa mara tatu: 100 × 100 × 100, sentimita za ujazo milioni moja. Lita moja inachukua 1,000 kati ya hizo. Wengine hupima kwa sentimita, wakapata 300 × 200 × 200 = 12,000,000, halafu wakagawa kwa 100 ili "warudi kwenye mita". Jibu linakuja mita za ujazo 120,000, na mtu analiandika bila kushtuka! Ungegawa kwa milioni.

Mimi nasema, na nitaendelea kusema: pima kwa desimita. Tuliikariri shuleni kati ya mita na sentimita, tukaiacha hukohuko. Desimita ni sentimita 10, na desimita moja ya ujazo ni lita moja kamili. Shimo letu ni 30 × 20 × 20, jibu 12,000, nazo ni lita tayari. Hakuna sifuri ya kuongeza wala kufuta. Ila upime ndani, baada ya plasta. Kuta mbili za tofali la inchi 6 zinakula sentimita 30 za upana uliochimba.

Wapo pia wanaodhani sentilita ndiyo sentimita ya ujazo. Hapana. Sentilita ni mililita 10. Sentimita ya ujazo ni mililita moja, ndiyo ile cc ya kwenye bomba la sindano na kwenye injini ya bodaboda. Lita hushuka kwa kumi kumi, vipimo vya ujazo kwa elfu elfu.

"Lita ni kilo." Kwa maji, sawa, na kati ya 1901 na 1964 lita ilifafanuliwa rasmi kwa kilo moja ya maji. Kwa vingine usithubutu: lita 20 za dizeli ni kama kilo 17, ndoo hiyohiyo ya mchanga ni kama 30. Anayejenga mnara wa tenki aikumbuke ya maji: lita 5,000 ni tani 5 juu ya zile nguzo.

Na anayeniambia milimita za mvua hazigeuki lita, zinageuka kirahisi kuliko vyote. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 20 linatoa lita 2,000, uniti mbili za bure. Lile shimo la lita 12,000 linataka milimita 120, na zaidi kidogo, kwa kuwa mengine humwagika kwenye gata.