Si mtandao wa Masasi: dhana potofu kuhusu programu kongwe na seva

Dhana: "Mtandao wa huku Kusini ndio mbovu."

Kila msimu wa korosho naitwa ghala moja wilayani Masasi kwa neno lilelile: programu ya mizani haitumi uzito wa magunia, mtandao umekufa. Mwaka mmoja nilifika nikamkuta karani anatazama video kwenye kompyuta hiyohiyo. Mtandao unaobeba video unashindwaje na mistari mitatu ya namba?

Programu ile iliandikwa kwa .NET Framework 4.0, jukwaa la Microsoft la kujengea programu, toleo la mwaka 2010. Ikiachwa na mazoea yake, hubisha hodi kwenye seva ya https (kompyuta ya mbali inayopokea data kwa njia iliyofichwa) kwa SSL 3.0 au TLS 1.0, kanuni za zamani za kuficha mawasiliano. Seva nyingi sasa hazifungui chini ya TLS 1.2, na TLS 1.0 na 1.1 ziliondolewa rasmi kwenye viwango vya intaneti Machi 2021. Kivinjari kinapita kwa sababu husasishwa kila mara. Seva ilipoboreshwa, programu ikabaki nje, na hakuna aliyegusa herufi hata moja pale ghalani.

Dhana: "Zima ukaguzi wa cheti, itapita."

Haipiti. Pande mbili hukubaliana toleo la TLS kwanza, cheti, yaani kitambulisho cha seva, hufuata baadaye. Utakachopata ni hasara: yeyote atakayejipenyeza katikati ataweza kuzisoma kilo za mkulima, hata kuzibadili.

Dhana: "Basi iandikwe upya yote."

Hii hupendwa na wanaouza programu mpya. Weka .NET Framework 4.5 au nyingine ya 4 iliyo juu zaidi kwenye mashine. Inachukua nafasi ya 4.0. Kisha ongeza mstari mmoja kwenye msimbo wa programu, kabla ya ombi lake la kwanza kwa seva:

`ServicePointManager.SecurityProtocol |= (SecurityProtocolType)3072;`

Namba 3072 ndiyo TLS 1.2. Tunaandika namba kwa sababu 4.0 hailijui jina lake. Kwenye Windows XP dawa hii haifanyi kazi, maana 4.5 haikubali kuwekwa humo. Hapo nunueni kompyuta.

Dhana: "Dirisha likiganda, mtandao mzito."

Linaganda kwa sababu ombi limepewa uzi (thread, njia moja ya kazi ndani ya programu) uleule unaochora vitufe. Uzi ukisubiri jibu, hakuna wa kuchora. HttpWebRequest, zana ya .NET ya kutuma maombi, yenyewe husubiri hadi sekunde 100 kabla ya kukata tamaa, na foleni ya magari ya korosho nje haina subira hiyo. Ombi lipelekwe uzi wa pembeni, muda wa kusubiri upunguzwe.

Ila kuna kuganda kwingine kulikonitoa jasho. Msimu uliofuata, karani aliniambia, "Fundi, hii inapokea mbili tu, halafu inanuna." Nikacheka. Nikabadilisha laini ya simu, nikahamisha modemu dirishani, nikapanda hadi juu ya benchi nikiitafuta 4G. Siku ya pili ndipo nikafungua msimbo. Kwenye programu za aina hii, .NET Framework huruhusu miunganisho miwili tu kwa wakati mmoja kwa kila seva, na jibu lisipofungwa baada ya kusomwa, muunganisho wake hubaki umeshikwa. Ombi la tatu linakaa foleni mpaka muda uishe. Karani alikuwa amehesabu sawasawa, na aliyesahau kuandika `Close()`, amri ya kufunga jibu, ni mimi.