Baridi yabisi ya uti wa mgongo: mbona kila kliniki ina hesabu yake?

Swali: Huu ni ugonjwa gani hasa?

Kinga ya mwili inaugeukia mwili wenyewe na kusababisha uvimbe katika maungio ya uti wa mgongo, hasa pale chini unaposhikana na mifupa ya nyonga. Wataalamu huuita spondiloathraitisi. Ukishaacha alama zinazoonekana wazi kwenye eksirei, jina huwa ankilosingi spondilaitisi. Kwa kawaida huanza kabla ya umri wa miaka 45, tena polepole, kwa hiyo usiuhesabu miongoni mwa maradhi ya uzee.

Swali: Unawapata watu wangapi?

Inategemea unawahesabia wapi. Katika uchunguzi wa afya wa kitaifa uliofanyika Marekani mwaka 2009 na 2010, takriban mtu mzima 1 kati ya 100 alikuwa na dalili zinazotimiza vigezo vya ugonjwa huu. Hesabu hutofautiana kati ya jamii na jamii, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya jeni iitwayo HLA-B27, ambayo ni adimu kwa watu wengi wa Afrika kusini mwa Sahara. Lakini kuikosa jeni hiyo hakumkingi mtu, na daktari anayeegemea kipimo chake peke yake atawakosa wagonjwa.

Swali: Na kwa daktari wa kawaida, anayeona wagonjwa wa kila aina?

Hapa ndipo ninapoona tatizo kubwa. Tafiti za zamani zilikadiria kwamba kati ya watu 100 wanaokwenda kwa daktari huyu na mgongo uliouma zaidi ya miezi 3, kama 5 wana ugonjwa huu. Baadaye watafiti wa Uholanzi wakachukua wagonjwa wa mgongo sugu wa miaka 20 hadi 45 tu, wakawapima kwa makini, pamoja na picha za MRI. Karibu robo yao walikuwa nao.

Ugonjwa haukuongezeka ghafla. Walitazama umri ambao ugonjwa huanza, kwa kifaa kinachoonyesha uvimbe miaka kadhaa kabla eksirei haijaonyesha kitu. Katika kliniki yenye foleni ndefu, kijana akisema mgongo unamuuma huambiwa amebeba mizigo au amelala vibaya, akapewa vidonge vya maumivu na kuruhusiwa. Vidonge vinampa nafuu, harudi mpaka viishe. Ndiyo maana barani Ulaya mgonjwa husubiri wastani wa miaka 7 hivi tangu dalili zianze hadi ugonjwa utajwe kwa jina.

Swali: Kwa daktari bingwa wa baridi yabisi je?

Huko idadi ni kubwa zaidi. Wagonjwa wakichujwa vizuri kabla ya kutumwa, theluthi moja hadi karibu nusu hukutwa nao. Kiwango hicho kinapima uzuri wa mchujo, wala hakituelezi hali ilivyo mtaani.

Swali: Kuna kliniki nyingine wanakopatikana?

Kliniki ya macho, na wengi hawaifikirii. Mtu anakuja na jicho moja jekundu, linauma, hawezi kuangalia mwanga: ni uvimbe wa ndani ya jicho. Watafiti wa Dublin walipowachunguza wagonjwa wa aina hii, takriban 4 kati ya 10 walikuwa na ugonjwa wa familia ya spondiloathraitisi bila kujua. Dawa ya matone hutuliza jicho. Mgongo usipoulizwa, mgonjwa anaondoka nao vilevile. Wenye soriasisi ya ngozi na wenye ugonjwa wa utumbo wa Crohn nao wanastahili kuulizwa.

Swali: Nimwambie nini daktari?

Mweleze usiku wako. Maumivu ya misuli iliyochoka hupungua ukilala. Haya huzidi: unaamka saa tisa au saa kumi usiku, unashindwa kujigeuza, unainuka na kutembea chumbani mpaka yapungue. Asubuhi mgongo unakuwa mgumu kwa nusu saa au zaidi, kisha unalegea ukijishughulisha. Taja pia kama dawa za jamii ya ibuprofeni hukupa nafuu kubwa ndani ya siku moja au mbili, na kama kuna ndugu wa damu mwenye ugonjwa huu. Ukiwa mwanamke, usikubali kuambiwa ni ugonjwa wa wanaume. Wanawake wengi wanao, ila eksirei zao huchelewa kuonyesha alama.

Swali: Kipimo changu cha damu kimetoka safi. Basi sina?

Hapana, hakitoshi kuthibitisha kwamba huna. Kipimo cha uvimbe kiitwacho CRP hutoka kawaida kwa wagonjwa wengi wenye ugonjwa huu. Kama umri na dalili vinalingana na nilivyoeleza, omba kupelekwa kwa bingwa hata karatasi ya maabara ikiwa safi.